Shajara ya jikoni: wiki sita za kumpima mama kwa gramu

Kabla ya kuanza

Mama ametolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia. La kushoto linasubiri zamu yake. Masharti aliyopewa: asikae kwenye moshi wala mvuke, asiiname, asibebe kizito. Kwa hiyo badala ya kurudi Tanga atakaa kwangu Tabata wiki sita, na jikoni ni marufuku. Hilo la mwisho limemuuma kuliko jicho.

Mimi ni mpima ardhi. Tangu nianze kujitegemea nimelishwa na mama ntilie na chipsi mayai. Sasa nina mgonjwa ndani, na mgonjwa mwenyewe ndiye fundi. Nikapanga hivi: mama atakaa kwenye kiti barazani, nyuma ya ukuta wa jikoni, atatoa amri, mimi nitapika, na kila kitakachoingia sufuriani nitakipima na kukiandika. Mapishi saba: wali wa nazi, maharage, pilau, mchuzi wa samaki, ugali, chapati, kisamvu. Mwisho wa wiki sita niwe na daftari ambalo mtu yeyote anaweza kulifuata.

Vifaa: mizani ya kidijitali, jagi la kupimia, jiko la gesi la plate mbili, mtungi wa kilo 6, daftari la kazini. Mama amekuja na nazi nane kwenye kiroba pamoja na mbuzi wake. (Wa kukunia. Konda wa basi naye aliuliza.)

Nilipompigia dada yangu kumweleza mradi, alicheka mpaka simu ikakatika. "Hata ugali unauandikia?"

Siku ya 2. Wali wa nazi

Mahojiano ya awali, neno kwa neno:

"Mama, mchele kiasi gani?"
"Wa kututosha."
"Na maji?"
"Ya kuuivisha."

Nikafuata video: kikombe kimoja cha mchele kwa viwili vya maji. Mchele gramu 500, ambao kwangu ulijaza vikombe viwili na nusu. Nazi moja nimeikuna, nikalikamua tui zito, mililita 250, nikaliweka kando. Nikakamua la pili na la tatu mpaka jumla ikafika mililita 1,250. Tui jepesi likachemka, mchele ukaingia, tui zito likafuata, nikafunika.

Umetoka bokoboko. Ukiuchota kwa mwiko unakuja wote.

Mama kaula bila neno, kisha akauliza: "Mchele wa lini?" Nikamwambia muuzaji kasema mpya, wa Kyela. "Mchele mpya una maji yake ndani, baba. Wa zamani ndio unaokunywa." Kwenye video hakuna aliyeuliza mchele ni wa lini.

Siku ya 3. Wali tena

Leo kipimo ni kidole. Mchele umetulia chini, unasimamisha kidole ncha iguse mchele tu, maji yafike pingili ya kwanza. Nimeipima pingili yangu: sentimita 2.3. Nimeyapima na maji baada ya kuyatosheleza kwa kidole: mililita 840 kwa gramu 500 za mchele ule ule, kwenye sufuria ya upana wa sentimita 18. Wali umetoka punje punje, na ukoko mwembamba chini. Mama kaongeza sahani.

Ukiwa mpimaji hulali na kitu kama hicho. Kidole kinapima kina, hakipimi ujazo, inakuwaje kinapatia?

Siku ya 4

Nimelijaribu swali la jana kwenye sufuria pana, sentimita 28, mchele ule ule gramu 500, pingili ile ile. Maji yaliyoingia: zaidi ya lita moja na nusu. Uji.

Mama, kutoka barazani: "Nani kakwambia wali wa watu wawili unapikwa kwenye sufuria ya hitma?"

Jibu nadhani nimelipata. Mchele wenyewe hunywa maji karibu sawa na uzito wake. Yanayobaki ni ya kwenda na mvuke, na mvuke haujali mchele ni mwingi au mchache. Unajali upana wa sufuria na muda wa moto. Kwa hiyo kiasi kile cha juu ya mchele kinakaa karibu pale pale hata ukipika kilo tatu, mradi sufuria iendane na mchele. Ndiyo maana ukizidisha mchele mara mbili hutakiwi kuzidisha maji mara mbili, kosa ambalo ningelifanya kwa furaha kabisa nikiwa na daftari langu la gramu.

Siku ya 5. Hakuna kupika, tumekula mabaki

Jioni mama kaniambia bibi yangu alikuwa na kibaba cha mti nyumbani. Vibaba vinne ni pishi moja. Hilo la pishi ninalijua kwa sababu ya fitri ya mwisho wa Ramadhani, ambayo mtaani kwetu wanaihesabu kilo mbili na nusu. Na walikuwa na ratili, wakia, frasila. Kumbe vipimo vilikuwepo tele! Nikamuuliza kama bibi alipimia wali kwa kibaba. Kashangaa: "Kibaba kilikuwa cha kukopeshana na majirani."

Nimelifikiria hili muda mrefu. Kipimo kilikuwa cha sokoni, cha deni na cha zaka, yaani mahali ambapo mtu anaweza kupunjwa. Kwenye chungu hakuna wa kumpunja mwenzake, basi kulitumika mkono: konzi, ukufi, kiganja. Nimemwomba mama ashike konzi ya mchele mara tatu, nikapima. Gramu 58, 62, 58. Mimi: 86, 94, 81. Mkono wa mama ni mdogo, lakini una msimamo kuliko wangu.

Siku ya 7. Maharage

Yamelowekwa usiku kucha. Asubuhi mama kasema maji yake nimwage, nisiyapikie. Baada ya saa moja motoni, magumu. Baada ya saa mbili, magumu. Yalipokaribia kutimiza saa tatu motoni, gesi ikaisha. Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Mimi leo nimekula pamoja na ile 20 iliyobaki. Nimeazima jiko la mkaa kwa jirani, nikalipeleka uani mbali na mama na macho yake, na maharage yakaiva saa kumi na nusu jioni.

"Ya mwaka juzi hayo," kasema mama baada ya kuonja moja. Maharage yaliyokaa sana ghalani kwenye joto yanagoma kulainika hata uyafanyeje. Na nilikuwa nimeharakisha kutia nyanya. Uchachu nao huyachelewesha. Nyanya, ndimu, ukwaju: vyote baada ya kuiva.

Jambo moja la kuandika kwa wino mwekundu: maharage mekundu yakiliwa mabichi au nusu mabichi yana sumu inayotapisha. Yanatakiwa yachemke kwa nguvu, dakika kumi kwa uchache, si kuwekwa kwenye moto wa kufifia tangu mwanzo. Mama sumu hiyo haijui kwa jina. Lakini kwake maharage hayajawahi kuanzia moto mdogo, na maji ya kulowekea hayajawahi kupikiwa.

Faida ya mkaa: wali wa jioni nimeupalia, makaa juu ya mfuniko kama nyumbani. Juu umekauka vizuri. Kwenye gesi hilo halipo, nalifidia kwa kuweka kikaango cha chuma chini ya sufuria na kuushusha moto mpaka mwisho.

Siku ya 10, 11 na 13. Kitunguu

Nilidhani pilau ni habari ya viungo. Siku tatu nimekwama kwenye kitunguu.

Rangi ya pilau ya kwetu haitoki kwenye binzari, inatoka kwenye kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa rangi ya tende. Daftari langu, nakala ya video, linasema dakika tano. Siku ya 10 nilizima dakika ya nane kwa woga. Pilau imetoka nyeupe, mama kaiita "wali wenye harufu".

Siku ya 11 nikaamua nisizime mpaka aniambie yeye. Kumbuka kuna ukuta kati yetu. Mama haoni jiko, haoni sufuria. Mimi ndiye ninayekiona kitunguu na sijui ninachokiangalia. Akawa anaongea na jirani habari za harusi, mara anakatiza:

"Ongeza moto kidogo, kinalia kinyonge."

Habari za harusi zikaendelea.

"Usikoroge kila saa, baba. Kiache."

Dakika kumi nyingine.

"Haya, sasa usiondoke hapo."

Nikatazama: bado cha manjano. Nikataka kubisha. Dakika mbili baadaye kilikuwa cha dhahabu, na baada ya hapo kila nikigeuza mwiko rangi imebadilika. "Sasa! Tia nyama!" Kilikuwa rangi ya tende. Dakika 24 tangu kiingie kwenye mafuta.

Nilimuuliza kajuaje. Alijibu kama mtu aliyeulizwa anajuaje mvua inanyesha. "Si kimenyamaza?"

Siku ya 13 nikarekodi sauti kwa simu, mara mbili, vitunguu kutoka mafungu mawili tofauti ya Soko la Ilala. Mara ya kwanza dakika 19, mara ya pili 27. Dakika hazifanani, sauti zinafanana: mwanzo kinatatarika kwa kelele, kisha kelele zinashuka, kisha kinanong'ona. Kelele ni maji. Maadamu kitunguu kina maji, joto lake haliwezi kupanda sana juu ya lile la maji yanayochemka, na hakiwezi kuiva rangi. Kikinyamaza, maji yamekwisha. Kuanzia hapo kinaungua usipokisimamia. Fungu moja lilikuwa bichi zaidi, lina maji mengi, ndizo zile dakika nane za ziada.

Nimefuta "dakika 5" kwenye daftari. Nimeandika "mpaka kinyamaze". Ni mara ya kwanza nimefuta namba nikaweka neno, na sikufurahi.

Siku ya 14. Simu ya dada

Dada ananizidi miaka minne na pilau yake haina tofauti na ya mama. Nikamuuliza alifundishwa lini. "Sikufundishwa. Mimi nilikuwa namenya vitunguu."

Nikamwambia aeleze vizuri. Akaeleza: akiwa na miaka saba anachambua mchele kwenye ungo. Kisha kumenya vitunguu, kisha kukuna nazi, kutwanga thomu, kuchochea moto. Na kutumwa: nenda kaangalie limechemka? Nenda kanuse, inaungua ile? Kila siku, miaka kama kumi, kabla hajaachiwa sufuria peke yake. Hakuna siku aliyokalishwa akaambiwa leo somo ni wali. Siku alipoachiwa, masikio na pua vilikuwa vimeshahitimu.

Mimi kwa miaka hiyo hiyo nilikuwa natumwa dukani. Nikisogea jikoni shangazi ananifukuza: mtoto wa kiume na mafiga wapi na wapi. Mpaka leo nakumbuka bei ya robo ya sukari ya mwaka ule.

Shuleni tulikuwa na Stadi za Kazi. Niliandika hatua za kupika ugali nikapata alama zote, na ugali sikuusonga.

Siku ya 16. Pilau, viungo

Hapa mizani imefaa, niitetee. Kwa kilo moja ya mchele, mkono wa mama unatoa: binzari nyembamba gramu 12, pilipili manga gramu 3, hiliki punje 8, karafuu punje 8, mdalasini kijiti cha urefu wa kidole. Nimempima mara tatu kwa siku tofauti na tofauti haikufika gramu mbili. Mimi nilishawahi kutia karafuu ishirini nikidhani ndiyo ukarimu. Ulimi ukafa ganzi kama nimetoka kung'oa jino.

Siku ya 19. Mchuzi wa samaki

Changu kutoka Feri, kilo moja. Tui limekatika: mafuta juu, maji chini, madonge katikati. Ladha si mbaya, sura ni ya aibu.

Makosa mawili. Nilitia tui zito nikafunika sufuria nikaenda kujibu simu. Tui zito linatiwa mwishoni, moto mdogo, na mpishi anasimama hapo akilichota kwa upawa na kulirudisha, analichota na kulirudisha, mpaka lichemke kwa upole. Kosa la pili ni ukwaju. Niliutia wote kwa pamoja na tui likiwa bado baridi.

"Tui ni kama mgeni," kasema mama. "Huwezi kumwacha sebuleni peke yake."

Siku ya 20. Mchuzi tena

Halikukatika. Mkono unauma.

Siku ya 22. Ugali

Sawa. Dada asijue kwamba ilichukua majaribio mawili.

Siku ya 25 hadi 29. Chapati

Niliingia kwenye chapati na matumaini makubwa, kwa kuwa unga ni unga na maji ni maji. Gramu 500 za unga wa ngano, mililita 300 za maji ya vuguvugu, chumvi gramu 8, mafuta vijiko viwili. Siku ya 25 zimetoka laini. Nikaandika "IMEKAMILIKA" kwa herufi kubwa.

Siku ya 26, paketi nyingine ya unga, vipimo vile vile: donge linanata mikononi. Siku ya 27, paketi ya tatu: gumu, chapati kama soli. Unga haunywi maji sawa. Inategemea ngano yenyewe, inategemea na unyevu uliokwisha kuuingia; na mwezi huu Dar es Salaam hata chumvi inalia.

Siku ya 28 mama kavumilia vya kutosha. Kaagiza aletewe bakuli barazani; kukanda hakuna moshi. Hakutazama jagi. Akatia maji kidogo kidogo, akakanda, akabonyeza donge kwa kidole, halafu akajibonyeza ndewe ya sikio. Donge tena, ndewe tena. "Shika." Nikashika donge, nikashika ndewe yangu. Ulaini mmoja.

Nilipima alichotumia: mililita 318 kwa ule unga mgumu. Siku iliyofuata nikakanda mwenyewe kwa ule unaonata, nikifuata ndewe: 285. Chapati za mara zote mbili huwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo namba zake zilikuwa zinabadilika kwa sababu unga unabadilika, na mimi niliyeshikilia 300 ndiye niliyekuwa nakadiria.

Mengine ya chapati: donge lipumzike nusu saa limefunikwa, ukilisukuma kabla hapo linarudi kama mpira. Ukishasukuma, paka mafuta, viringisha kama kamba, zungusha kama konokono, pumzisha tena, sukuma. Tabaka zinatoka hapo. Chuma kiwe cha moto kabla chapati haijagusa, la sivyo inakauka kabla ya kuiva.

Siku ya 31. Kisamvu

Nilitaka kukisaga kwa blenda, mama kaniruhusu kwa shingo upande. Blenda alishaikubali kwa nyanya, kwa kisamvu bado wanatazamana. Sharti halikupungua: kisagike haswa, kichemke muda mrefu bila mfuniko, ndipo nazi na karanga zifuate. Majani ya muhogo yana sumu ya sayanaidi. Kutwanga kunaifungua na kuchemsha wazi kunaiondoa na mvuke. Nimekula kisamvu tangu utoto bila kujua kwamba mfuniko kukaa pembeni ilikuwa ni dawa.

Siku ya 36. Kliniki, halafu pilau

Jicho liko salama. Njiani kurudi mama alikuwa anasoma vibao vya maduka kwa sauti, kimoja baada ya kimoja.

Jioni nimepika pilau yote peke yangu, mama kaomba asiongee. Nikasubiri kitunguu kinyamaze. Nilikosea mara moja. Nilidhani kimenyamaza kumbe ni gari la maji lililozima injini nje.

Kabla ya kula aliisogeza sahani kwenye taa. Ni mara ya kwanza ameiona pilau yangu vizuri. Kaigeuza kwa kijiko, akainua punje moja moja. Kisha akatazama jikoni kupitia mlango, kwa muda, akasema: "Sufuria zako zina masizi, baba. Wiki zote hizi umekuwa ukinipikia humo?"

Siku ya 42. Hali ya mradi

Mama kaondoka na basi la asubuhi. Mbuzi kaniachia.

Kati ya mapishi saba, lililobaki kwa gramu tupu ni viungo vya pilau. Wali una pingili na sharti la sufuria. Chapati ina namba mbili, 285 na 318, na neno "ndewe" katikati. Mengine ni sentensi: mpaka kinyamaze; mpaka mafuta yaelee; mpaka mwiko usimame. Daftari nililotaka mtu yeyote alifuate, sasa linafuatwa na mtu aliyeunguza kitunguu mara tatu tu.

Siku ya 47

Nimepika pilau kwa ajili ya wageni wanne wa kazini. Kitunguu kikiwa jikoni nikampigia mama, nikamwamkia, nikaweka simu kwenye spika karibu na sufuria.

"Mama, sikiliza. Tayari?"

Kimya. Kisha: "Hiyo simu yako inakula sauti, sisikii kitu ila upepo. Wewe unasikiaje?"

Nikasogeza sikio. Chini ya mvumo wa gesi kulikuwa bado na tatata ndogo, ya pembeni, upande wa kushoto wa sufuria.

"Bado," nikasema.

"Haya. Basi bado."

Dakika nne zaidi. Rangi imezidi kidogo ya tende. Mchele kilo moja na nusu, sufuria ya sentimita 30, pingili moja, imebaki sahani mbili.